Deep Purple: stori tulizozizoea kuhusu laivu zao na vikosi vyao, nyingi siyo kweli

Ukikuta mashabiki wawili wa Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, wamekaa pamoja ujue muda si mrefu watabishana, na ubishi wenyewe hautakuwa kama bendi ni nzuri au mbaya, utakuwa Deep Purple ipi. Sisi tuliokulia kwenye dansi hili tunalielewa haraka, Gurumo alitoka Msondo akaenda kuanzisha Sikinde, akaenda OSS, akarudi tena Msondo, na kila alipotia mguu watu walisikia tofauti. Hawa Waingereza nao toka 1968 wamepokezana nafasi mpaka mashabiki wakaamua kuvipa vikosi namba, Mark I, Mark II, Mark III, ndo lugha yenyewe hiyo. Sasa humo katikati kumejaa maneno ya kusikia sikia, na mengi yanavunjwa na rekodi zao za laivu, maana kava linaweza kukudanganya na stori pia, ila mkono wa mpiga gitaa ukishaujua umeshaujua.

Eti Made in Japan ilipangwa iwe albamu ya dunia nzima

Wapi! Wenyewe hata hawakuitaka. Ni lebo yao upande wa Japani ndo iliyoomba irekodi shoo za Agosti 1972 kwa ajili ya soko la kule kule, na wao wakakubali kwa masharti, kwamba fundi mitambo awe wa kwao, Martin Birch, na kwamba wao ndo waamue kama kazi itoke au isitoke. Bajeti ilikuwa kama dola 3,000 hivi, mashine ya treki nane, basi. Kazi ilipofika hatua ya kuchanganya sauti waliojitokeza ni wawili tu, Roger Glover wa besi na Ian Paice wa drams, wengine hawakuhangaika nayo kabisa. Alafu leo hii ukiuliza albamu bora za laivu za roki hiyo haikosi kutajwa.

Na siyo shoo moja kama wengi wanavyodhani. Ni usiku tatu, Osaka tarehe 15 na 16, kisha ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 17. Smoke on the Water unayoisikia mle ni ya usiku wa kwanza, The Mule na Lazy ni za Tokyo, nne zilizobaki zote ni za tarehe 16. Kwa iyo yule anayekwambia "ile shoo ya Made in Japan" muulize ya tarehe ngapi, utaona anakodoa macho.

Kuna wanaosema pia kwamba lazima walirudi studio kupachika pachika, maana kwa wakati huo hiyo ilikuwa kawaida, bendi inatoa "laivu" ambayo nusu yake imeimbwa upya chumbani. Bendi imekataa siku zote, na cha kunishawishi mimi siyo maneno yao bali zile rekodi za usiku zote tatu ambazo zilikuja kutoka baadaye, nyingi 1993 na nyingine tena 2014. Linganisha wimbo wa Child in Time wa usiku mmoja na wa usiku mwingine, mwimbaji Ian Gillan anapanda juu kule kwenye kupiga makelele kwa namna tofauti, Ritchie Blackmore wa gitaa anaingia na solo nyingine kabisa, hawa watu walikuwa hawarudii kitu. Space Truckin' kwenye albamu ya studio, Machine Head, ni dakika nne na nusu hivi, kule Japani imekwenda karibu dakika ishirini na kujaza upande wa nne wote, maana albamu ni ya sahani mbili. Huwezi kupachika kitu cha hivyo, utaanzia wapi.

Ila kava lake ndo linachekesha. Picha ile ya jukwaani yenye mwanga wa dhahabu siyo Japani, ilipigwa London. Wajapani wenyewe ndo walitolewa yenye kava tofauti na jina tofauti, Live in Japan.

Eti kuna magitaa mawili

Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu hata watu wanaopiga vyombo wanadanganyika. Unasikiliza Highway Star ya laivu, kuna ukelele mzito wenye mikwaruzo upande mmoja, mwingine upande wa pili, unasema bila shaka ni magitaa mawili. Gitaa ni moja tu, la Ritchie Blackmore. Huo mkwaruzo mwingine ni kinanda. Jon Lord alichukua kinanda chake cha Hammond, kile ambacho kawaida unakisikia kanisani kikilia kwa upole, akakipitisha kwenye amplifaya za Marshall, zile za gitaa, kikaanza kunguruma. Sikiliza pale gitaa linapopumzika kidogo, utaona ngurumo haijapungua hata chembe, ndo utajua nani alikuwa anakutisha. Na hii ndo sababu mimi huwa nasema kikosi cha Mark II, hicho cha Gillan, Blackmore, Lord, Glover na Paice, hakielezwi na Blackmore peke yake, ukimtoa Lord pale inabaki bendi nyingine.

Eti moto wa Smoke on the Water ulitokea kwenye shoo yao, watu wakafa

Haraka haraka hapa, maana wimbo wenyewe unasimulia moto wa kweli. Kasino ya Montreux, Uswisi, iliungua tarehe 4 Desemba 1971 kwenye shoo ya mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa, mtu kwenye umati alifyatua fataki ya kuashiria ikagonga dari. Hakuna aliyekufa. Deep Purple walikuwepo kama watazamaji tu, walikuja mjini kurekodi Machine Head kwenye kasino hiyo hiyo, ikawabidi wahamie Grand Hotel wakarekodi kwenye korido. Na wao hawakuiona kama wimbo wa kuwatoa, singo yake ilikuja kutoka 1973, zaidi ya mwaka mmoja baada ya albamu, na singo ya Marekani upande wa pili waliweka ile ya laivu ya Japani.

Eti Gillan alifukuzwa 1973

Hapa watu wanachanganya miaka. Ian Gillan aliandika mwenyewe barua ya kuacha mwisho wa 1972, yani wakati Made in Japan ndo inaingia madukani yeye alikuwa ameshaaga, akakaa kumalizia ratiba mpaka shoo ya mwisho tarehe 29 Juni 1973, na ilikuwa wapi? Osaka. Aliyesukumwa nje ni Glover, Blackmore alikuwa hamtaki tena kwenye besi. Kufukuzwa kwa Gillan kupo kweli ila ni kwa 1989, kikosi hicho hicho cha Mark II kilikuwa kimerudiana toka 1984, wakamtoa wakamweka Joe Lynn Turner, kisha 1992 wakamrudisha. Na Glover naye, kabla ya 1980 haijafika alikuwa ameshajiunga na Rainbow, bendi ya nani? Ya Blackmore huyo huyo. Hawa wazee bwana.

Na yule aliyemrithi Gillan, David Coverdale, msidhani alikuja akiwa staa wa bendi yake ya Whitesnake, Whitesnake ilikuja baada ya Purple. Mwaka 1973 alikuwa kijana anauza nguo dukani kaskazini mwa Uingereza, hajulikani na mtu. Staa mle alikuwa Glenn Hughes aliyetoka bendi ya Trapeze, anapiga besi na anaimba pia, ndo maana rekodi za Mark III zina sauti mbili zinazopokezana.

Eti Made in Europe ni mwendelezo wa Made in Japan

Jina ndo linafanya watu wanunue kwa kudhani hivyo. Ni kikosi kingine, Mark III, nyimbo tano tu na zote ni za kikosi hicho, Burn, Mistreated na wenzake, hakuna Smoke on the Water hata ya kuombea. Ilirekodiwa Aprili 1975 kwenye shoo za mwisho za Blackmore kabla hajaondoka, na ilipotoka 1976 bendi yenyewe ilikuwa imeshavunjika. Sikiliza Mistreated mle halafu uniambie kama mtu huyo anapiga kama anayebaki. Mimi naiweka karibu sana na ile ya Japani, najua nitatukanwa.

Inayoonewa zaidi ni Last Concert in Japan, na hapa kuna dhana kwamba Tommy Bolin, aliyechukua gitaa baada ya Blackmore, alikuwa hajui kupiga. Shoo hiyo ni ya Tokyo, Desemba 1975, na siku hiyo mkono wake wa kushoto ulikuwa na tatizo, vidole havishiki nyuzi sawasawa, kwa iyo ukisikiliza vizuri utamsikia Lord na kinanda chake anaziba mapengo kila mahali. Albamu ikatoka 1977, Bolin ameshafariki, Miami, tarehe 4 Desemba 1976, hawezi hata kujitetea. Kumhukumu mtu kwa usiku ule siyo haki, ipo Come Taste the Band ya studio ya 1975, anzia hapo.

Eti walirudi 1980

Kuna watu Marekani walilipa kiingilio mwaka huo wakaona "Deep Purple" jukwaani, ni kweli. Ila mle ndani wa zamani alikuwa mmoja, Rod Evans, mwimbaji wa kikosi cha kwanza, wengine wote hawakuwahi kuwa Purple. Kesi ikaenda mahakamani, wakaamriwa kulipa dola 672,000, na Evans akapoteza na mirabaha ya zile albamu tatu alizoimba. Basi akapotea kwenye muziki moja kwa moja.

Eti bila Blackmore hakuna Deep Purple

Hesabu hii ni fupi. Blackmore amekuwepo 1968 mpaka 1975, akarudi 1984 mpaka Novemba 1993, shoo ya mwisho Helsinki. Steve Morse ameshika gitaa toka 1994 mpaka 2022, yani miaka mingi kuliko yeye. Aliyekuwepo kwenye kila kikosi bila kukosa ni Ian Paice peke yake, mzee wa drams. Ukitaka kuona hali ya Blackmore ilivyokuwa mwishoni tafuta video ya Birmingham, Novemba 1993, Highway Star inaanza na gitaa halipo, bendi inapiga tu, mpaka zamu ya solo ndo bwana anatokea, alafu baadaye anamwagia maji kamera. Wiki moja baadaye kidogo ameshaacha, na ziara ya Japani ikabidi aitwe mpiga gitaa mwingine, Joe Satriani.

Kinachoniudhi mimi ni wale wanaochukua orodha ya 2016 ya Rock and Roll Hall of Fame, ule ukumbi wa heshima wa roki wa Marekani, kama ndo hukumu ya nani alikuwa Deep Purple halisi. Bolin hayumo, Morse hayumo na miaka yake yote ile, Don Airey aliyekaa kwenye kinanda toka Lord alipostaafu 2002 hayumo. Rod Evans yumo, huyo huyo wa kesi ya 1980, na hata kuonekana hakuonekana. Nick Simper aliyepiga besi kwenye Hush, ule wimbo uliowafungulia Marekani 1968, alicheza albamu zote tatu sambamba na Evans, na wakaacha jina lake nje.