Barua ya Chuo Marekani: Usidanganyike na Sifuri ya Mwisho

Vyuo vya Marekani huwaandikia wanafunzi waliokubaliwa barua ya kuwaeleza gharama za mwaka na msaada watakaopata. Familia nyingi huzipokea kati ya Machi na Aprili, na kwa desturi jibu linatakiwa ifikapo 1 Mei. Nimesoma nyingi katika kazi yangu ya ushauri wa fedha za elimu, lakini kuna moja ambayo sijaisahau. Aliileta mama mmoja mzaliwa wa Kongo, ambaye familia yake ilikaa miaka kambini Tanzania kabla ya kupelekwa Marekani. Aliikunjua mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa chini palipoandikwa sifuri, akaniuliza: "Mwalimu, ina maana hatulipi kitu?"

Tuliisoma upya kuanzia juu. Gharama zote za mwaka, yaani ada, chumba, chakula, vitabu na nauli, zilikuwa dola 28,400. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu huwapa wenye kipato kidogo na hairudishwi, ilikuwa dola 7,395, kiwango cha juu kabisa. Ruzuku ya jimbo, 3,000. Hapo ndipo fedha za bure zilipoishia. Lakini mistari iliyofuata ilipangwa safu moja na hiyo, chini ya kichwa kilekile cha "msaada": mkopo wa mwanafunzi 5,500, kazi za chuoni 2,500, mkopo wa mzazi 10,005. Hesabu ikafunga, sifuri ikaandikwa. Kumbe dola 18,005 zilikuwa mzigo wa familia yenyewe. Tena zile 2,500 za kazi zilikuwa bado hazipo. Binti angelipwa kidogo kidogo kwa saa atakazofanya kazi maktaba au jikoni, ilhali bili ya muhula haingojei.

Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Huyu mzazi wa kukopa ni mimi?" Ndiye. Na mkopo wa mzazi ni kati ya mikopo ya serikali kuu yenye riba kali zaidi: asilimia 8.94 kwa mwaka wa masomo 2025/26, wakati ule wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 6.39.

Barua ya namna hii si ya chuo kimoja. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi kabisa kiasi halisi ambacho familia italipa, ama huonyesha kiasi pungufu. Mimi naliona hili kuwa kosa kubwa, kwa sababu wanaoumia ni wale ambao mtoto wao ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo, wasio na shangazi wala kaka wa kuwatafsiria.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba bei inayotangazwa nayo huwatisha watu bure. Mwaka 2024/25 wastani wa ada iliyotangazwa katika vyuo binafsi visivyo vya faida vya miaka minne ulikuwa dola 43,350, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, baada ya ruzuku, alilipa wastani wa dola 16,510 hivi. Kwa vyuo vya umma, mkazi wa jimbo alitangaziwa ada ya wastani wa dola 11,610. Tangu 2011 sheria inavilazimisha vyuo kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Kitumieni kabla ya kukata tamaa, na FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa serikali kuu, ijazeni mapema. Ni bure, na bila hiyo hakuna Pell.

Swali ambalo wazazi hawaniulizi, nami hulitanguliza siku zote, ni hili: katika wanafunzi 100 wanaoingia chuo hiki, wangapi humaliza? Kitaifa ni kama 6 kati ya 10, ndani ya miaka sita. Watu zaidi ya milioni 42 wanadaiwa mikopo ya serikali kuu, jumla yake kama dola trilioni 1.6, na wanaoshindwa kulipa mara nyingi ni wenye deni dogo walioachia njiani. Wana deni, hawana cheti. Chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ambacho ada yake mwaka 2024/25 ilikuwa wastani wa dola 4,050, ni mlango mzuri wa kuanzia, ila muulizeni mshauri wa chuo mnachokusudia kuhamia ni masomo gani watayatambua. Pateni jibu hilo kwa maandishi.

Shahada bado inalipa. Mwaka 2024 mfanyakazi mwenye shahada ya kwanza alipata mshahara wa kati wa dola 1,543 kwa wiki, na aliyeishia sekondari 930. Lakini takwimu hizo zinamweka kijana kapu moja na mtu aliyekaa kazini miaka thelathini. Kwa wahitimu wapya hali imebana: mwaka 2025 ukosefu wao wa ajira ulizidi ule wa wafanyakazi wote kwa jumla, na kwa hesabu za Benki Kuu tawi la New York, kama 4 kati ya 10 wanafanya kazi isiyohitaji shahada. Wauguzi hawaguswi sana na hilo. Waliosoma masuala ya haki jinai ndio huguswa zaidi. Aliyefanya mafunzo kazini akiwa bado chuoni huanza mbele ya mwenzake, kwa hiyo ulizeni pia chuo kina waajiri gani wanaochukua wanafunzi wake.

Yule binti alipiga simu ofisi ya fedha ya chuo mwenyewe, mama yake akiwa kando. Nilimwandikia swali moja tu: "Mkiondoa mikopo na kazi kwenye hesabu, mwaka wa kwanza tunalipa dola ngapi?" Afisa alimjibu bila kusita: 18,005. Siku chache baadaye alichagua chuo cha umma kilicho umbali wa basi moja kutoka nyumbani, akabaki kulala kitandani kwake. Amekopa sehemu ya mkopo wake tu. Ule wa mzazi hawakuugusa.