Mwaka mpya wa mifugo si sikukuu ya wanyama

Kila Wayahudi wanapoingia mwezi wa Eluli, kati ya Agosti na Septemba, hakosi mtu wa kutangaza kwamba leo ni "siku ya Kiyahudi ya wanyama", halafu anaweka picha ya paka. Wengine wanadhani ni siku ya kuchinja, mfano wa Idi. Si hivyo, si vile.

Rosh Hashana La-Behemot ni tarehe 1 Eluli, mwaka mpya wa kuhesabia zaka, yaani mmoja katika kila kumi, ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, inataja miaka mipya minne, na huu ni mmojawapo. Ufikirie kama mwaka wa fedha wa serikali unaoanza 1 Julai: ni mpaka wa hesabu, hakuna anayeupigia ngoma.

Mpaka huo ulikuwa na makali yake. Waliozaliwa mwaka mmoja hawakuchanganywa na wa mwaka mwingine. Ukipata ndama watano kabla ya tarehe na watano baada yake, hao si kumi, hudaiwi kitu. Kwa nini Eluli? Rabi Meir alisema kondoo hushika mimba mwezi wa Adari (Februari–Machi) na kuzaa mwezi wa Avu, unaotangulia Eluli, basi Eluli inawakuta wote wameshazaliwa. Rabi Eleazari na Rabi Shimoni hawakukubali, wakataka iwe 1 Tishri, mwezi unaofuata Eluli, pamoja na mwaka mpya ule unaojulikana na wengi.

Kuhesabu kwenyewe kulifanyika zizini. Mlango uliachwa mwembamba, wasipite wawili kwa mpigo. Mmoja, wawili, watatu... wa kumi alitiwa alama nyekundu, awe mnono au kilema. Walawi 27 inakataza kuchagua. Na hapa ndipo waliozoea zaka za kanisani hushangaa: nyama ya mnyama huyo haikuwa ya kuhani. Damu na mafuta vilikwenda madhabahuni, nyama ikaliwa na mwenye mfugo na watu wake, mradi wawe Yerusalemu.

Hekalu la Yerusalemu, lenye madhabahu hiyo, lilibomolewa mwaka 70, na tarehe ikabaki vitabuni. Miaka ya karibuni baadhi ya Wayahudi, hasa wanaotetea haki za wanyama, wameifufua wakiitumia kutafakari namna tunavyowatendea mifugo. Ni hiari yao, na sioni ubaya. Ila hiyo ni desturi changa. Tusiiandike kana kwamba wachungaji wa kale walikuwa wakiwaombea mbuzi wao baraka siku hiyo. Walikuwa wanawahesabu. Na paka hakuwa na zaka.