Jasho la Mvuvi ni la Nani? Uliberali na Umaksi Vikitazamwa Kutoka Mwaloni

Wanafunzi wengi ninaowafundisha falsafa ya siasa hapa Mwanza hufika darasani wakiwa na jibu mkononi: uliberali unapenda uhuru, Umaksi unapenda usawa, na kilichobaki ni mtu kuchagua upande. Jibu hilo linapotosha. Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani ambaye Umaksi umepewa jina lake, hakuwa mhubiri wa usawa. Mwaka 1875, alipokuwa akiichambua rasimu ya programu ya chama cha wafanyakazi wa Ujerumani iliyoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa Gotha, aliandika kwamba haki iliyo sawa huzaa hali zisizo sawa, kwa sababu inawapima kwa kipimo kimoja watu ambao hawalingani kwa nguvu wala kwa idadi ya watoto wanaowalisha. Ilani ya Kikomunisti, aliyoiandika pamoja na rafiki yake Engels mwaka 1848, inataja lengo lenyewe kuwa ni jumuiya ambamo maendeleo huru ya kila mmoja ni sharti la maendeleo huru ya wote. Falsafa zote mbili, basi, zinadai kusema kwa niaba ya uhuru. Zinapoachana ni mahali pa kuutafuta: uliberali huutafuta katika tendo la kukubali, na Umaksi huutafuta katika hali iliyokuwapo kabla mtu hajaulizwa kama anakubali.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu John Locke mwenyewe, mwanafalsafa Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwasisi wa uliberali, alilizungumzia kwa mfano wa samaki. Katika sura ya tano ya risala yake ya pili juu ya serikali, iliyochapishwa mwishoni mwa 1689, anauliza jinsi kitu ambacho Mungu aliwapa wanadamu wote kwa pamoja kinavyoweza kuwa mali ya mtu mmoja. Jibu lake ni kazi. Kila mtu anaimiliki nafsi yake, kwa hiyo anaimiliki kazi ya mikono yake, na akiichanganya kazi hiyo na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake, mradi awaachie wengine vya kutosha na vizuri vilevile. Samaki aliye baharini ni wa wote. Akishavuliwa ni wa aliyemvua. Mvuvi yeyote wa Kirumba au Ukerewe angelikubali hilo bila kuhitaji mwalimu.

Lakini turudi aya mbili nyuma katika sura hiyohiyo. Locke anataja majani aliyoyala farasi wake, madini aliyoyachimba mwenyewe, na mapande ya udongo wenye nyasi aliyoyakata mtumishi wake, kisha anasema vyote hivyo vimekuwa mali yake yeye, Locke, bila kumwomba mtu ridhaa. Mtumishi amekata, bwana amemiliki. Locke haoni haja ya kueleza hapo hapo, kwa sababu kwake mtumishi amekwisha kuiuza kazi yake kwa hiari, na kilichouzwa kwa hiari si chake tena. Kwa maoni yangu, mgogoro mzima wa falsafa hizi mbili umelala ndani ya sentensi hiyo moja.

Tuipeleke mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa. Mtumbwi wa dagaa hutoka usiku, siku za giza zisizo na mbalamwezi, ukiwa na nyavu, taa na mafuta, na wavuvi wachache ambao mara nyingi hakuna hata mmoja wao anayemiliki chochote kati ya hivyo. Mwenye mali ni tajiri, ambaye huenda amelala nyumbani. Asubuhi dagaa wakishauzwa, gharama hutolewa kwanza, na kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi kwa kiwango walichopatana. Mliberali akiutazama mgawo huu atauliza maswali ya maana sana: je, kijana huyu alilazimishwa? Je, alidanganywa kuhusu gharama? Je, anaweza kuondoka na kwenda kwa tajiri mwingine? Majibu yakiridhisha, makubaliano ni ya haki, na mtu wa tatu hana ruhusa ya kuyavuruga kwa sababu tu hayampendezi.

Mmaksi hapingi kwamba kijana alikubali. Katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital, iliyotoka 1867, Marx anasema kwamba mfanyakazi wa ubepari ni huru kwa maana mbili: yuko huru kuiuza nguvukazi yake kwa amtakaye, na pia yuko huru, yaani mtupu, hana zana wala ardhi ya kuifanyia kazi nguvu hiyo. Maana ya pili ndiyo inayoifanya ya kwanza isikwepeke. Anaweza kumkataa tajiri huyu au yule, lakini hawezi kuwakataa matajiri wote na bado akala. Kwa hiyo swali la Mmaksi halimhusu tajiri mmoja na tabia zake, hata akiwa mtu mwema anayelipa kwa wakati na kuwazika wavuvi wake kwa heshima. Linahusu jinsi nyavu na mitumbwi zilivyoishia upande mmoja wa makubaliano na mikono mitupu upande mwingine, na jinsi mgawo wa kila asubuhi unavyoizalisha upya hali hiyohiyo. Thamani ya ziada, yaani ile sehemu ya matunda ya kazi ya mvuvi inayobaki kwa mwenye zana, si wizi katika mizani. Hupatikana hata mizani ikiwa sahihi kabisa.

Hapa ndipo ninapomwona Marx ana nguvu. Penye udhaifu ni katika fikra zake juu ya haki. Katika makala yake ya 1844 kuhusu suala la Wayahudi, anasema kwamba zile zinazoitwa haki za binadamu ni haki za mtu mbinafsi, aliyejitenga na jumuiya. Kuhusu haki ya mali naweza kumwelewa. Kuhusu haki ya kusema, kukutana na kutokamatwa bila sababu, naona amekosea, na historia ya kanda yetu inanipa sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakichoshwa na mizani za wanunuzi zilizowapunja, walijipanga chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika lililokuja kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. John Stuart Mill, mwanafalsafa mliberali wa Uingereza wa karne ya 19, angelisifu, kwa kuwa aliona ushirika wa wazalishaji kuwa ndio mustakabali wa kazi. Marx naye, katika hotuba yake ya 1864 kwa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, aliviita viwanda vya ushirika ushindi mkubwa. Kisha mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vya ushirika vya mazao nchini kote. Njia za uzalishaji hazikuchukuliwa na bepari. Zilichukuliwa na dola iliyosema kwamba ni ya wakulima na wafanyakazi. Swali la kiliberali, nani atamzuia mwenye dola, lilihitajika siku ile kuliko jingine lolote.

Nisieleweke kwamba ujamaa wetu ulikuwa Umaksi. Nyerere, katika andiko lake la 1962, aliujenga juu ya familia pana ya Kiafrika na akakataa kwamba mapambano ya matabaka ndiyo njia ya kuufikia. Kwa Mmaksi, kukataa huko ni kuondoa injini. Na Azimio la Arusha la 1967 linaanza na imani ya TANU, ambayo ndani yake binadamu wote ni sawa, kila mtu ana uhuru wa kutoa mawazo na kwenda atakako, na ana haki ya kuhifadhiwa maisha yake na mali yake kwa mujibu wa sheria. Kurasa chache mbele yake unakutana na unyonyaji, makabaila na mabepari. Sehemu ya kwanza angeweza kuitia sahihi Locke. Azimio halisemi mahali popote kipi kitatangulia siku haki hizo zitakapogongana na umiliki wa umma.

Umbali kati ya kambi hizi umepungua. John Rawls, mliberali mkubwa wa karne ya 20, aliandika uzeeni kwamba hata ubepari wenye huduma za ustawi hautimizi haki, na kwamba mali ya uzalishaji inapaswa kuenea kwa wengi au kumilikiwa kwa pamoja kidemokrasia. Kinachobaki bila kupatanishwa ni swali la asili ya migogoro. Kwa mliberali, watu watagongana daima kwa sababu mema wanayoyatafuta ni mengi na hayafanani, kwa hiyo sheria na mahakama hazitakosa kazi. Kwa Mmaksi, mgogoro mkuu una chanzo cha kihistoria, matabaka, na matabaka yakiisha, dola yenyewe itanyauka. Nikiliangalia ziwa, naegemea upande wa kwanza: hata mitumbwi yote ingekuwa ya wavuvi wenyewe, bado wangebishana kuhusu ukubwa wa matundu ya nyavu, kuhusu samaki wachanga, kuhusu anayevua leo na atakayevua baada yake. Mmaksi atanijibu kwamba mvuvi mwenye njaa ya leo, anayemdai tajiri na kudaiwa na tajiri, hajawahi kupata nafasi ya kubishana suala hilo kama mtu huru, na kwamba ninaipima jamii ijayo kwa watu waliofinyangwa na hii iliyopo. Ni jibu zito, na sidhani kwamba Rawls amelijibu.