Bastola Yako Haina Ugonjwa wa Kwenda Kushoto

Kuna sentensi ambayo mwalimu yeyote wa shabaha anaijua kabla msemaji hajaimaliza: "Mwalimu, hii bastola inapiga chini kushoto." Siku hizi imeota mkia: "Nikiifunga doti nyekundu itanyooka, sivyo?" Doti nyekundu ni kifaa cha kulengea: kioo kidogo kinachoonyesha nukta ya mwanga pale bastola inapolenga. Mwingine anataka kubadilisha triga, yaani kifyatulio. Nimelijibu swali hili kwa upole muda mrefu, na sasa naona heri niliandike mara moja, niwe namwelekeza kila anayeuliza aje asome hapa. Na kwa kuwa nimeshaanza, nitazipitia na dhana nyingine chache zinazozunguka viwanjani.

Dhana: Bastola inapiga chini kushoto, na dawa yake ni doti nyekundu au triga nyepesi

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inamla mtu pesa na bado karatasi yake inabaki vilevile.

Tuanze na bastola yenyewe. Bastola za kawaida za kiwandani, ukiziegemeza juu ya mfuko wa mchanga na risasi nzuri, nyingi zitakusanya matundu ndani ya sentimita kumi kwa umbali wa mita 25. Wewe umetawanya matundu sentimita kumi na tano chini ya shabaha, tena kwa mita 10. Hitilafu ya ukubwa huo haitoki kwenye mtutu. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kumpa mpigaji mwingine mzoefu bastola hiyohiyo na risasi hizohizo. Mara nyingi atatoboa katikati, na hapo mazungumzo ya "bastola mbovu" yanaisha. Kama naye matundu yake yanakwenda kulekule kwako, basi tuzungumze habari ya saiti, yaani vifaa vya kulengea vilivyo juu ya bastola.

Kinachotokea ni hiki. Glock 17 bila risasi ina uzito wa gramu 700 hivi. Triga yake ya kiwandani inahitaji nguvu ya kilo mbili na nusu hivi ili ifyatuke. Yaani kidole kimoja kinakandamiza kwa nguvu inayozidi uzito wa bastola nzima zaidi ya mara tatu. Kidole kikivuta kwa pupa, na vidole vingine vikabana pamoja nacho, mdomo wa bastola hauna budi kuhama. Kwa anayetumia mkono wa kulia, unahamia chini na kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, ni chini na kulia. Ajabu iliyoje, bastola ileile "mbovu" hubadilisha upande ikibadilisha mwenyewe!

Sasa weka hesabu. Kwenye Glock 17 saiti ya mbele na ya nyuma zimeachana milimita 165. Saiti ya mbele ikihama milimita moja tu dhidi ya ile ya nyuma, tundu linahama sentimita 6 kwa mita 10, na sentimita 15 kwa mita 25. Milimita moja! Huo ni mshtuko mdogo wa kiganja, ambao mwenyewe hausikii kabisa, maana papo hapo mlio na teke (bastola kurudi nyuma inapolia) vinaufunika.

Wengine wananiambia, "Lakini mwalimu, ni lile teke linaloisukuma." Hapana. Risasi ya 9mm inatoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde, na muda inaoutumia ndani ya mtutu haufiki hata milisekunde moja. Binadamu anahitaji milisekunde mia mbili hivi ili aitikie kitu alichokiona. Mwili wako hauwezi kulijibu teke kabla risasi haijaondoka. Unachokifanya ni kulitarajia: unaisukuma bastola chini kabla haijalia, ukijihami dhidi ya teke ambalo bado halijaja.

Ndiyo maana naipenda risasi bandia, ile isiyo na baruti, kuliko kifaa chochote kinachouzwa dukani. Mwenzako anajaza magazini yako akichanganya moja au mbili katikati ya risasi za kweli, wewe usijue ziko wapi. Unapiga, unapiga, kisha unakuta "klik". Hakuna mlio, hakuna teke, na bado mdomo wa bastola umezama chini, mbele ya macho yako na ya wote waliosimama nyuma. Hakuna aliyewahi kubishana na zoezi hili. Wanaobisha ni wale wanaokataa kulifanya.

Je, doti inasaidia nini hapo? Inakuonyesha kosa. Kwenye saiti za chuma, zile za kawaida za mbele na nyuma, mzamo ule unapita bila kuonekana. Kwenye kioo, doti inaruka kutoka kwenye shabaha kama panzi, nawe unaiona. Kama uko tayari kuamini unachokiona, hicho ni chombo kizuri cha kujifunzia. Lakini doti haikishiki kidole chako. Mtu aliyekuwa anapiga chini kushoto kwa saiti za chuma, nikimfungia doti, anapiga chini kushoto na doti, ila sasa ana sababu mpya ya kulalamika: "Doti inatetemeka."

Inatetemeka kwa sababu wewe unatetemeka, kama kila mtu. Mkono hai hautulii. Doti ikicheza ndani ya duara la sentimita 5 kwa mita 10, na ukavuta triga bila kuisukuma bastola, tundu litaangukia ndani ya duara hilo. Tatizo linaanza pale unaposubiri doti ipite katikati kabisa ndipo uivamie triga: "sasa!" Hiyo "sasa" ndiyo inayokupeleka kushoto. Uache mchezo mdogo wa doti uwepo, ongeza shinikizo kwa mwendo mmoja, bastola ifyatuke ikiwa tayari.

Na triga nyepesi? Inapunguza dalili, ugonjwa unabaki. Ukiwa na tabia ya kulitarajia teke, utalitarajia hata kwa triga ya kilo moja na nusu, na sasa umejiongezea hatari ya kufyatua kabla hujakusudia, hasa ukiwa na baridi, haraka au wasiwasi. Tazama wanaopiga bastola kwa kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, zile za Olimpiki. Saiti za doti haziruhusiwi. Mkono unaoruhusiwa ni mmoja. Bastola ya mita 25 sharti triga yake ibebe gramu 1000 bila kufyatuka, na ile ya upepo ya mita 10 gramu 500. Kwenye karatasi ya usahihi ya mita 25, pete ya kumi ina kipenyo cha milimita 50, na wanaitoboa kwa saiti za chuma. Siku utakapowakaribia hao ndipo uje tujadili kama saiti yako inakuzuia.

Neno la mwisho kuhusu kushoto: ule mchoro wa duara wenye vipande, kila kipande kikiwa na jina la kosa, acheni kuubandika kila mahali. Ulitokana na upigaji wa mkono mmoja. Ukiutumia kwa mtu anayeshika kwa mikono miwili, utamtibu maradhi asiyokuwa nayo.

Dhana: Nimezijaribu bastola tano leo, najua ipi ni bora

Umezijaribu risasi tano kwa kila moja, ya kwanza ukiwa mgeni, ya mwisho ukiwa umechoka, pengine kwa aina mbili za risasi. Hapo umepima siku yako tu. Anayetaka kulinganisha kwa haki atumie risasi za aina moja, umbali mmoja, na apige angalau kumi kwa kila bastola, kisha arudie kwa mpangilio wa kinyume. Abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukilinganisha bastola yenye doti na isiyo nayo, tena triga tofauti na mshiko tofauti, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Kwa bastola kama Beretta 92, ambayo risasi ya kwanza ina mvuto mrefu na mzito na zinazofuata ni fupi na nyepesi, pima hiyo ya kwanza peke yake. Wengi wanaipiga ya kwanza ovyo, kisha wanaisifu triga kwa zile nyingine. Na triga usiihukumu kwa kuibofya mara tatu kaunta ya duka. Triga iliyonyooka kama kioo mkononi mwa muuzaji inaweza kuwa ya kawaida kabisa pale bastola inapopiga teke.

Dhana: Mikono midogo, bastola ndogo

Huu ushauri hutolewa zaidi kwa wanawake, na unaniudhi. Risasi ileile ikitoka kwenye bastola nyepesi inalipiza kwa teke kali zaidi. SIG P365 ina gramu 500 hivi, CZ Shadow 2 ina zaidi ya gramu 1300. Kwa risasi moja ya 9mm, ile ndogo inarudi nyuma kwa kasi inayozidi mara mbili na nusu ya ile kubwa. Zaidi ya hayo saiti zake ziko karibukaribu, na kidole kidogo cha mwisho hakina pa kushika. Halafu tunashangaa mtu akichukia shabaha siku ya kwanza. Kipimo kinachofaa ni je, kidole kinafika kwenye triga bila kuuvunja mshiko? Anayeanza nampa bastola ya ukubwa kamili ya .22, yenye risasi ndogo na teke dogo, na simwondoi hapo haraka hata akilalamika kuwa ni ya watoto.

Dhana: Doti lazima ikae katikati ya kioo

Si lazima. Kwa umbali wa bastola, doti ikiwa kwenye shabaha, hata ikiwa pembeni ya kioo, risasi inaifuata, na tofauti ni ndogo kuliko mtetemeko wako. Anayehangaika kuirudisha doti katikati kabla ya kila risasi anapoteza muda na anachoka bure. Mtazame aliyezoea: macho yote mawili wazi, anaitazama shabaha, doti inajitokeza juu yake. Ukiishughulikia doti kwa macho kama ulivyofundishwa kuishughulikia saiti ya mbele, umeharibu faida yake yote.

Dhana: Doti inapotea, kwa hiyo saiti ni mbovu

Kwa kawaida mdomo wa bastola uko juu, na doti imetokea juu ya kioo ikapotea. Usiifuate kwa kuinamisha shingo. Shusha mdomo kidogo. Nyumbani, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, inyanyue ukiwa umefumba macho kuielekea alama salama, kisha fumbua. Ukifanya hivi dakika chache kila jioni, doti itaacha kupotea.

Dhana: Doti yangu ina mkia, nimeuziwa bidhaa feki

Huenda ni jicho lako. Mtu mwenye astigmatizimu huona doti kama nyota, koma au madoa mawili. Bastola ikiwa tupu na ikielekea upande salama, izungushe huku ukiitazama doti. Mkia ukizunguka pamoja na bastola, tatizo ni la saiti. Ukibaki palepale, nenda kwa mtaalamu wa macho. Kabla ya hapo punguza mwanga, kwani wengi wanaiwasha hadi doti ya MOA 3 (MOA ni kipimo cha pembe kinachoeleza ukubwa wa doti) inaonekana kama chungwa. Kwa mita 25 MOA 3 inafunika sentimita 2 tu, kwa hiyo anayesema "doti yangu ni kubwa mno" mara nyingi ameiwasha kupita kiasi.

Na tukiwa kwenye macho: kwa aliyevuka miaka arobaini, ambaye saiti ya mbele imeanza kuwa ukungu, doti ni msaada wa kweli. Huyo sitamzuia.

Dhana: Kufyatua bila risasi kunaharibu bastola

Kwa bastola nyingi za kisasa za risasi zinazogongwa katikati ya kitako, kama 9mm, hakuna shida. Za .22 ni habari nyingine, maana risasi yake hugongwa ukingoni, na ikikosekana pini inaweza kugonga ukingo wa chemba. Soma kitabu chake, tumia risasi bandia, na usitumie kuharibika kama kisingizio cha kutofanya mazoezi.

Dhana: Ukishaifunga saiti, kazi imekwisha

Skrubu hulegea. Zipake gundi ya kuzuia skrubu kulegea, zikaze kwa kipimo alichotoa mtengenezaji, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye saiti ili uone ikisogea. Betri badilisha mara moja kwa mwaka, siku unayoikumbuka, hata kama bado inawaka. Kwenye saiti kama Trijicon RMR betri iko chini, hivyo ni lazima uifungue yote, na baada ya hapo upige tena ukihakiki inapopiga. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 25, kwa mita 10 matundu yatakuwa chini sentimita moja hivi, kwa sababu kioo kiko juu ya mtutu. Usiiguse skrubu ya marekebisho kwa ajili ya sentimita hiyo. Na kwa hisani yako, usiiguse kabisa kabla hujalifanya lile zoezi la risasi bandia.