Globu ya Bei Mbaya Haitibu Ethi Yenye Kutu

Jumamosi kaja mteja kutoka Urambo, pakiti mkononi: "Fundi, globu hizi za taa za mbele zinaongeza mwanga asilimia 130. Funga." Huyo ni wa nne mwezi huu. Naandika ili wa tano nimtumie linki tu.

H4, globu ya halojeni yenye full na dim pamoja, ni wati 60 full, 55 dim. Kanuni namba 37 ya Umoja wa Mataifa inaitaka itoe lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,650 full na 1,000 dim, kuzidi au kupungua mwisho asilimia 15. Sasa hiyo 130 imepitia wapi? Soma yale maandishi ya kusomea miwani nyuma ya pakiti: "hadi" asilimia 130, tena kwenye kipande kimoja tu cha barabara, tena ukilinganisha na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kisheria. Siyo uongo. Uzi wa ndani umesokotwa ukabana, unawaka kwa joto kali zaidi, mwanga unakusanyika na kufika mbele kidogo. Ndiyo maana unakatika mapema kuliko wa kawaida. Na ile rangi ya bluu kwenye kioo inachuja mwanga, haiongezi chochote.

Nikachukua mita. Injini inanguruma, taa zinawaka: kwenye betri volti 13.9, kwenye soketi ya taa 11.9. Volti mbili zimeliwa njiani! Halojeni haina huruma hapo: punguza volti kwa asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Huyu alikuwa anatembea usiku na nusu ya taa na ushee, halafu anailaumu globu.

Ethi, yaani pale waya wa taa unapofungwa kwenye bodi ili umeme urudi betri, ilikuwa na kutu, na umeme wote wa taa ulikuwa unapita kwenye swichi ya usukani. Nikakwangua ethi, nikaweka rilei (swichi ya umeme inayoipa taa moto moja kwa moja toka betri) na waya mnene. Vioo vya taa vilishakuwa vya njano kama chai ya maziwa. Msasa wa maji, polishi, basi.

Bado akataka globu zake. Nikafunga, kwa kitambaa, maana vidole vyenye mafuta vinaiua.

Nikiri kitu: hata mimi nimefunga za hivyo kwenye gari langu. Njia ya Sikonge usiku naona ukingo wa barabara vizuri kuliko zamani. Ila vioo nilivipiga polishi siku hiyohiyo, kwa hiyo sijui nimshukuru nani.