Kuta Zisizo na Saruji: Kuzuru Magofu ya Ukanda wa Ziwa

Mtu aliyekulia Mwanza hahitaji kufundishwa kwamba jiwe linaweza kukaa juu ya jiwe kwa miaka isiyohesabika bila kushikizwa na kitu chochote, kwa kuwa majabali ya Igogo na Capri Point humwonesha jambo hilo kila siku. La kushangaza ni kwamba mtu huyohuyo akifika kwenye magofu hupanda juu ya ukuta ili apigwe picha, kana kwamba ukuta ule umemwagwa zege.

Mfano ulio wazi zaidi katika ukanda wetu ni Thimlich Ohinga, magofu ya makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, ambako msafiri wa Mwanza hufika kwa kushika barabara ya Musoma na kuvuka mpaka wa Sirari, akiwa na hati zake za kusafiria. UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake, ambazo wataalamu wanakadiria zilianza kujengwa katika karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hazina udongo, chokaa wala saruji. Fundi alipanga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kisha akajaza katikati mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo pamoja, hivyo uzito wa mawe yenyewe ndio unaofanya kazi ambayo leo tunaiachia saruji.

Mgeni anapopanda juu ya ukuta wa namna hiyo, mawe madogo ya katikati hushuka kidogo na kuzisukuma nyuso nje. Ukuta hauanguki siku hiyo. Hutokeza tumbo polepole, na mvua kubwa inapokuja baadaye ndipo sehemu nzima humwagika, wakati aliyepanda amekwisha kusahau safari yake. Malango nayo ni mafupi kiasi cha kumlazimu mtu ainame, na hilo halikutokana na upungufu wa mawe: aliyekuja kwa nia mbaya kuiba mifugo alilazimika kutanguliza kichwa mbele ya walinzi. Basi nawe inama upite, bila kuning'inia kwenye jiwe lililolazwa juu ya lango.

Ukiwa njiani, kabla hujaiacha Mwanza mbali, pita Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Wageni wengi huniuliza kwa nini Usukuma hauna magofu ya mawe ilhali mawe yamejaa kila mahali. Jibu ni kwamba nyumba za msonge zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, vitu ambavyo mchwa na mvua huvimaliza mara tu watu wanapoacha kuezeka upya. Ujenzi ulikuwapo, na ulihitaji ufundi. Kilichobaki kwake ni maarifa ya wazee, siyo ukuta.

Kuhusu majengo ya enzi ya Wajerumani yaliyosalia kandokando ya ziwa, kuna jambo la kisheria ambalo wananchi wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, kwa hiyo majengo yao hayaingii katika ulinzi huo mpaka waziri mwenye dhamana ayatangaze. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapopoteza mengi, maana jengo la aina hiyo huuawa na paa: bati likishang'oka, maji huingia ndani ya kuta na mbao huoza, na mwenye kiwanja hana wa kumuuliza.

Popote utakapofika, tembea na mwongozaji wa mahali hapo, na ukiona kigae cha chungu ardhini kiache kilipo. Kikiwa pale, kina chake ardhini na tabaka la udongo lililokishika humweleza mtafiti nani aliishi hapo na wakati gani. Kikishaingia mfukoni mwako, kinabaki kipande cha udongo uliochomwa.