Ukifunga kila kitu hawalipi, wanaondoka

Jamani kuna hii imani kwamba ukitaka wasomaji walipie unachoandika mtandaoni basi unafunga kila kitu, mtu akigusa tu anakutana na "lipa kwanza". Si kweli kabisa, mtu halipii kitu ambacho hajakizoea. Gazeti la Marekani, New York Times, walivyoanza kutoza wasomaji wa mtandaoni Machi 2011 waliacha makala 20 bure kwa mwezi, 2012 wakashusha hadi 10, yaani anayepita mara moja moja hakuguswa, aliyebanwa ni yule anayerudi kila siku na huyo ndo mlipaji mwenyewe.

Hapa kwetu Mwanza nenda soko la Mwaloni Kirumba, muuza dagaa anakuachia uchukue chache kiganjani utafune usikie kama zina mchanga, ndo mnaongea bei. Sasa kama unaandika bei za dagaa na mama anayenunua magunia anakusoma alfajiri kabla hajatoka, usimfungie siku ya kwanza, mwache azoee wiki kadhaa halafu mwombe alipie kwa simu, hata kwa wiki, maana hela yake inaingia kwa siku siyo kwa mwezi. Na akishalipa usipotee! Wengi wanaharibia hapo, bei ya juzi ndo wanatuma leo, muda aliolipia ukiisha mama harudi tena.